Watu wa Kisimani na Nguzo za Mhandisi

Siku yangu ya kwanza kazini, miaka ya sabini, nilipewa meza iliyoinama, rula ya chuma na kalamu ya wino mweusi, nikaambiwa mimi ndiye mchoraji wa mradi wa maji hapa Isiolo. Jina la mradi silitaji, waliouendesha wanajijua. Wapimaji walizunguka visima kuanzia Burat hadi mbele ya Gotu, wakiteremsha kamba yenye kipande kizito cha madini ya risasi ili kujua maji yako umbali gani chini ya ardhi. Wakirudi na tarakimu zao, mimi nazigeuza picha, maana mfugaji hatakaa kusoma tarakimu wakati ng'ombe wana kiu.

Mkuu wangu wa kwanza, Msimamizi wa Visima, aliniachia uhuru. Mimi ni mzaliwa wa mtaa wa Kiwanjani hapa mjini, na nilijua Waborana wanavyopima kisima. Watu hujipanga ndani yake, mmoja juu ya mwingine, wakipokezana ndoo hadi juu. Kisima cha watu wawili ni kifupi. Cha watu saba ni balaa. Basi nikachora hivyo hivyo: kila kisima na watu wake, kutoka mdomoni kwenda chini, na maji ya buluu miguuni pa wa mwisho. Pale ambapo maji hayafikiki, wa mwisho nilimchora ameshika ndoo tupu. Wazee walisimama mbele ya chati zile wakibishana njia ya kupitisha mifugo, na hakuna aliyehitaji kuelezwa.

Kisha, ukame wa miaka ya themanini ukiwa umeanza kuuma, akaletwa Mhandisi Mkuu kutoka Nairobi. Aliitazama chati yangu akacheka.

"Hii ni ofisi ya wataalamu," akasema. "Wafadhili wakija wakute katuni? Chora chati ya nguzo, kama dunia nzima."

"Mkubwa, nguzo ikionyesha kina, kisima kirefu nguzo yake itapanda juu. Watu watadhani hapo ndipo maji yamejaa."

"Wewe chora. Kuelewa ni kazi yao."

Nikamsihi angalau nguzo zishuke chini kutoka mstari wa ardhi. Akanijibu kwamba chati huanza sifuri na kupanda, na kama siwezi, wako wanaoweza. Nguzo zikapanda. Ya kisima cha mbele ya Gotu, ambacho maji yake yalikuwa yamezama karibu kupotea, ilikuwa ndefu kuliko zote. Ya Burat, ambako maji yalikuwa karibu, ilikuwa fupi. Chati ikabandikwa ukuta wa nje, maelezo yote kwa Kiingereza, na mimi nikatumwa Meru kuchapisha nakala za wafadhili.

Niliporudi, jirani yangu Galgalo, mfugaji mwenye zizi lililojulikana mji mzima, alinijia nyumbani na fimbo tu mkononi.

"Salaam aleikum," akasema. "Hiyo picha yenu ilisema Gotu maji iko mingi. Mimi nilitoa ng'ombe Burat, nikafuata picha. Zimelala huko."

"Zote?"

"Moja ilirudi na mimi mpaka Ngare Mara. Hapo ikakaa chini."

Nilienda kwa Mhandisi nikamweleza ng'ombe walivyokufa. Hakuinua hata macho. Ripoti yake kwa wafadhili ilisema wafugaji walipoteza mifugo kwa kupuuza ushauri wa wataalamu. Kupuuza! Neno hilo linanichoma mpaka leo. Galgalo aliutii ushauri ule kuliko mtu yeyote wilayani.

Sasa nimestaafu, na ninyi vijana mna kompyuta zinazochora nguzo za kila rangi. Sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni na mtu anayemchorea mgeni wa siku moja, halafu anamlaumu mwenye kiu. Galgalo, aliyebaki bila hata ndama, aliomba kazi ya ulinzi ofisini kwetu akapewa. Kila asubuhi alimfungulia lango mtu aliyeandika kwamba yeye hakusikia ushauri.