Jambo Ambalo Mwalimu Alikataa Kuandika

Siku yangu ya kwanza kazini niliajiriwa kuuza nyumba, nikashinda nikichemsha chai. Mkurugenzi wa ofisi yetu, iliyokuwa ghorofani juu ya duka la mbegu na mbolea hapa Eldoret mjini, alinipa funguo zilizofungwa pamoja kwa waya, stovu ya mafuta ya taa na kipande cha tangawizi, akanituma kwenye nyumba tupu. Nilitakiwa nichemshe chai ya tangawizi mpaka mteja afike, kisha nimkaribishe kikombe. Mimi msichana wa kutoka upande wa ziwa, niliyefunzwa kwamba mgeni ni wa kukirimiwa, niliona nimepata ofisi ya watu waungwana. Ilinichukua mwezi mzima kuelewa kwamba kuta za nyumba ile zilikuwa na unyevu, na tangawizi ilikuwa ya kufukuza harufu ya ukungu.

Kwa ninyi vijana ambao hamjaifanya kazi hii, wakala wa nyumba ni mtu wa katikati. Muuzaji ndiye anayemwajiri na kumlipa, lakini mnunuzi ndiye anayemtazama usoni na kumwamini. Mkurugenzi alikuwa mcheshi, mkarimu kwa wafanyakazi wake, na alijua kazi. Alitufundisha kwamba kila nyumba ina njia yake ya kuonyeshwa, mlango upi uingilie, chumba kipi upite haraka, na upande upi wa ua usifike kabisa. Nyumba zenye shida ya maji tuliziuza Januari na Februari, ardhi ikiwa kavu na rangi mpya inang'aa. Tukimuuliza kama si vizuri kumwambia mteja, alicheka na kusema, "Asiyeuliza hajibiwi."

Niliishi na msemo huo miaka kadhaa. Kisha nikamuuzia daktari mmoja nyumba kubwa kule Elgon View, yenye miti mirefu na bustani ya kupendeza. Mvua za Aprili zilipoanza, maji yalipanda kutoka chini ya sakafu mpaka kwenye vyumba vya kulala. Daktari alinipigia simu. Nilijiandaa kutukanwa, lakini aliuliza tu kwa sauti ya kawaida, "Madam, ulijua?" Nikasema hapana. Nilijua. Nasema hapa bila kujitetea kwamba uongo ule bado unaniuma, na baada yake sikukaa tena muda mrefu katika ofisi ya Mkurugenzi.

Nilihamia ofisi nyingine, chini ya Meneja ambaye zamani alikuwa mthamini, yaani mtaalamu wa kukadiria thamani ya ardhi na majengo. Mama huyo alikuwa mkali hata kwa kalamu zake. Alituambia kwamba hati miliki inaonyesha ardhi ni ya nani, na upekuzi kwenye ofisi ya ardhi, ule watu huuita sachi, unaonyesha kama ina mkopo au kesi. Hakuna hata kimoja kinachosema kwamba shimo la choo hufurika. Kwa hiyo alikuwa na karatasi yake aliyoiita Fomu ya Kasoro. Muuzaji aliijaza kwa mkono wake mwenyewe na kutia sahihi, na mnunuzi aliisoma kabla ya kwenda kwa wakili. Tena alitufundisha kumtafuta mama anayefua nguo katika nyumba hiyo na kumsalimu vizuri, kwa sababu yeye ndiye anayejua maji hutuama wapi. Wauzaji walinung'unika. Wengine walitukimbia wakaenda kwa mawakala wasiouliza maswali. Meneja alisema, "Muuzaji anatulipa, lakini mnunuzi ndiye atalala humo. Sisi tutakutana naye sokoni."

Sasa niwasimulie nyumba ya Kiplombe, maana ndiyo iliyonifunza kazi kuliko zote.

Ilikuwa ya mwalimu wa shule ya msingi aliyestaafu, na mkewe Mama Rael. Vyumba vitatu, robo eka, na ua wa kayaba, ile miti ya miiba, uliokatwa vizuri. Miguu ya Mama Rael ilikuwa imeanza kukataa kazi, na binti yao aliyeolewa Moi's Bridge alikuwa tayari kuwatunza, ila hangeweza kuacha shamba lake kuja Kiplombe. Walihitaji kuuza ili wahame. Wanunuzi walipatikana upesi: nesi mmoja jina lake Akoth na mumewe Odhiambo, fundi wa mitambo, watu wa kwetu ziwani walioishi Eldoret kwa kupanga miaka yote. Walikuja kuiona mara mbili, na mara ya pili Akoth alikuja na futi ya kupimia mapazia.

Mwalimu alijaza fomu kwa mwandiko wa ubaoni. Paa lavuja juu ya stoo. Tangi la maji lina ufa. Mbwa wa jirani hapendi pikipiki. Nilicheka kimoyomoyo kuona mtu mwaminifu mpaka anaungama dhambi za mbwa asiye wake. Nikaenda kuzunguka ua na Mama Rael, yeye akijikongoja na fimbo. Karibu na kayaba, ingawa kila hatua ilimuuma, aliacha njia ya mkato akazunguka kipande cha nyasi kisichozidi upana wa mkeka. Nikamuuliza pale pana nini. Akasema, "Hapo ni mtoto wetu wa kwanza."

Alikuwa ameishi siku kumi. Hakukuwa na saruji wala msalaba, nyasi tu.

Nilimrudia Mwalimu na fomu nikamwomba aongeze mstari mmoja. Alivua miwani. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonichoma.

"Mama, hii karatasi yako inauliza kasoro," alisema. "Niandike paa, niandike tangi, halafu niandike mtoto wangu? Huyo sio kasoro. Siwezi."

Na pia alijua, kama nilivyojua mimi, kwamba akiandika huenda wanunuzi wakakimbia. Kwetu kaburi la uani ni la wenye boma. Kaburi la mtu usiyemjua, katika ua unaotaka kulelea watoto wako, si jambo la kuruka kwa mguu mmoja. Kumficha Akoth jambo hilo kungekuwa rahisi sana. Angelima sukuma wiki pale, na pengine asingejua maisha yake yote.

Nilimpelekea Meneja fomu nikamweleza. Alisoma, kisha akachukua kalamu na kukata kichwa cha fomu aliyoitunga mwenyewe na kuitumia miaka yote. Juu yake akaandika: Mambo ya Kujua Kuhusu Nyumba Hii. "Mrudishie," akaniambia. "Akikataa, tunaacha hii kazi. Lakini usimwandikie wewe."

Mwalimu alikisoma kichwa kile kipya. Akasema hataandika, ila atawaambia mwenyewe kwa mdomo, mkewe akiwa ameketi hapo. Na ndivyo alivyofanya Jumamosi iliyofuata. Alipomaliza, Odhiambo alisimama akatoka nje. Akoth alishukuru kwa heshima, akamfuata mumewe, na chai yao ikabaki mezani.

Wiki mbili zikapita bila neno. Nilipopita kuwajulia hali, masanduku ya Mama Rael yalikuwa yamepangwa kwenye korido, na binti yao alikuwa amepiga simu tena kuuliza wanahama lini. Mwalimu hakunilaumu. Mimi nilijilaumu kwa niaba yake. Nilijuta, sitawadanganya. Nilijiuliza ukweli wangu una faida gani ikiwa umemfungia mama mgonjwa njia ya kwenda kwa bintiye.

Kisha wakarudi, na safari hii walikuja na mama mzazi wa Odhiambo kutoka nyumbani. Ajuza yule hakuiangalia nyumba hata kidogo. Alikwenda moja kwa moja hadi kwenye kayaba, akasimama, akaomba kwa Kijaluo, kisha akamgeukia Mama Rael. Odhiambo akatafsiri.

"Anauliza, mtoto aliitwa nani?"

"Jerop," Mama Rael akasema, na akalia.

Walinunua. Wakili aliandika katika mkataba kwamba kaburi la mtoto Jerop, binti wa muuzaji, lisiguswe, na kwamba wazazi wake wana ruhusa ya kulitembelea wakati wowote. Odhiambo alilizungushia mawe kwa mikono yake. Fomu yetu ilibaki na kile kichwa kipya, na ofisi inaitumia hata leo.

Nilistaafu mwaka jana. Vijana wa sasa wanauza nyumba kwa picha za simu zilizosafishwa mpaka ukuta wa matope unafanana na marumaru, nami nawatania kwamba afadhali sisi tulitumia tangawizi ya kweli. Lakini nawapenda, na nawashukuru wote niliofanya kazi nao, hata Mkurugenzi, maana bila yeye nisingejua kuona aibu.

Siku ya kuniaga ofisini, Mama Rael alikuja kutoka Moi's Bridge akishikwa mkono na bintiye. Mwalimu alikuwa ameshatutangulia mbele ya haki. Mama Rael hakutaka keki wala kiti cha mbele. Alitaka kopi ya agrimenti, ule mkataba wa nyumba, kwa sababu yao ilipotea. Nikamuuliza kama kuna kesi ya ardhi.

"Hakuna kesi," alisema. "Jerop alizaliwa nyumbani na akafia nyumbani. Hana cheti cha kuzaliwa, hana picha. Ni hiyo karatasi pekee yake imeandikwa jina yake."

Niliacha wageni wangu na keki yao, nikafungua kabati la mafaili. Nikatoa kopi mbili, moja yake na moja yangu.