Chupa ya Haradali Nyuma ya Mtungi

Mafuta yale niliyashuku mimi kabla ya mtu yeyote kunishuku. Nilimkuta mke wa Singasinga, Mhindi wa kilemba, fundi wa malori ya barabara pale Ndundu, amekaa uani anamkanda mwanawe mchanga kwa mafuta ya manjano kutoka kwenye debe. Kichwa, mgongo, mpaka nyayo. Alipomaliza akamfunika mtoto, akachota debe lile lile, akamimina kikaangoni. Nikajisemea, haya mafuta gani, ya kukandia au ya kulia? Na harufu yake inapanda puani kama mtu kakuchoma na kijiti. Nikaapa moyoni kwamba ni ya nguruwe hayo, na kooni kwangu hayatapita.

Nilikuwa mke mpya bado, nimetolewa visiwani Delta kuja kuolewa na kijana aliyekuwa akivuta kamba za kivuko. Ilikuwa enzi ya Mwingereza, vita vyao vikubwa vimekwisha na nguo madukani zimeanza kuonekana tena. Mke wa Singasinga aliniita nimsagie bizari kwa kuwa mgongo wake haujapona uzazi, na jiwe lake lilikuwa zito. Mimi kusaga najua. Nasema bila haya, mpaka leo sina mke wa mwanangu hata mmoja anayesaga bizari ikawa laini kama yangu.

Bizari yake haikuwa ile niliyoizoea. Kwetu ni bizari nyembamba, pilipili manga, mdalasini na iliki, halafu tui la nazi linamaliza kazi. Mke wa mwenye duka kule Kibiti, Mhindi wa kabila jingine, yeye alijaza giligilani na manjano, kisha akatia sukari guru, mchuzi wa samaki ukawa kama futari. Huyu wa Singasinga alikaanga kila kitu kikavu kwanza: uwatu, giligilani, karafuu, iliki kubwa nyeusi zenye harufu ya moshi, na vijipunje vidogo kama mbegu za mchicha.

"Hii ndiyo mafuta," akaniambia, akinionyesha vile vijipunje kiganjani. "Haradali. Kamua hii, pata ile."

Nikatafuna kimoja, kikaniuma ulimi. Ndipo nikaamini kwamba nguruwe hayumo.

Shida yangu ilikuwa kambale. Mume wangu alimpenda kambale wa mtoni, na mimi ni mtu wa maji ya chumvi, samaki wa tope simjui. Nikimpika kwa nazi, ile harufu ya matope inabaki pale pale. Mume anakula matonge mawili, ananawa, anavuka uwanja kwenda kula kwa mama yake. Mama mkwe anacheka makusudi nimsikie.

"Msichana wa mikokoni! Atajulia wapi samaki wa watu wenye mto?"

Mke wa Singasinga ndiye aliyenitoa aibu. Alinifundisha kuyachoma mafuta peke yake kwanza, mpaka yatoe moshi na rangi ipauke, yapoe kidogo, ndipo utie kitunguu. "Usipochoma, kali," alisema. "Choma, yeye tatulia." Akanimiminia ya kwenda nayo katika chupa aliyokuwa nayo karibu, chupa ya dawa ya kikohozi, ya rangi ya kahawia.

Nikaificha nyuma ya mtungi. Nilijua mama mkwe akisikia kitu cha kutia chunguni kimetoka nyumba ya mtu asiye Mwislamu, chungu chenyewe kitavunjwa. Sababu ilikuwa hiyo tu.

Mume akala kambale, akalamba vidole. Siku iliyofuata akarudi mapema kutoka kivukoni, na ikawa ndiyo desturi yake. Kuvuka uwanja akaacha. Sasa niambie, mama gani hapo asingeshuku? Kwetu kila mwanamke analijua limbwata, dawa ambayo mke humtilia mumewe chakulani ili awe kama kondoo, asione mwingine, amsahau hata aliyemzaa.

Mama mkwe akaanza kuja kuazima. Leo moto, kesho ungo, kesho kutwa ule ungo anaurudisha kabla haujatumika. Anasimama jikoni kwangu, mdomo unasema habari za mvua, macho yanatembea. Siku moja nilikwenda mtoni kuchota maji. Niliporudi nikamkuta amekaa katikati ya uwanja, ile chupa mbele yake, ameishika kwa jani la mgomba isimguse mkono.

"Nini hii?"

"Mafuta, mama."

"Mafuta ya kula yanakaa chupa ya dawa, gizani, nyuma ya mtungi?"

"Ya haradali, mama. Ya kupikia samaki."

"Nimetia tone moja ulimini, ulimi umewaka! Ndiyo maana mwanangu siku hizi namwita haitiki!"

Mume aliporudi akaambiwa. Nikamtazama usoni nikingoja acheke. Hakucheka. Chakula changu hakukigusa, wala cha kesho yake. Hata maji ya kunywa alikwenda kunywa kwa mama yake. Mama mkwe akaniambia nianze kukunja mkeka wangu. Nilijua maana yake: nikirudishwa Delta kwa talaka ya limbwata, hakuna atakayenioa tena, na wadogo zangu wa kike nao watakaa nyumbani.

Akaitwa mjomba wa mume wangu, kaka wa mama mkwe, mwalimu wa chuo cha Kurani. Akainusa ile chupa, akapiga chafya.

"Haradali imetajwa ndani ya Kitabu," akasema. "Si haramu."

"Nani kasema haramu?" mama mkwe akamkata. "Mimi nimesema limbwata. Ubani nao si haramu, na waganga wanaufukiza."

Mjomba akaiweka chupa chini. Hapo nikachoka kuinamisha kichwa.

"Mjomba, nitapika hapa hapa uwanjani, mbele ya macho yenu, kwa chupa hiyo hiyo. Na tule sote, sinia moja. Limbwata hupikiwa mtu mmoja. Mke gani anaroga ukoo mzima?"

"Mimi nile?" Mama mkwe aliruka kama kakanyaga kaa la moto. "Nikila nikakupenda je?"

Mjomba akacheka mpaka kofia ikamtoka. "Dada, ukimpenda huyu, basi sote tutajua kweli dawa ipo."

Nikawasha moto. Mafuta yakatoa moshi, ukawaingia puani, wakakohoa, machozi yakawatoka. "Mnaliona! Linatoka hilo!" mama mkwe akapiga kelele. Nikayaepua yapoe kidogo. Nikatia kitunguu, tangawizi, bizari niliyoisaga kwa mkono wangu, kisha kambale, na harufu ikageuka. Majirani waliokuwa wakichungulia uani wakaacha kunong'ona.

Wali ukapakuliwa, sinia likawekwa. Nikala mimi kwanza, tonge kubwa, nikafungua kinywa waone nimemeza. Mjomba akafuata. Alitafuna polepole, nasi tukimkodolea macho kama mgonjwa anayengojwa akate roho. Akachukua tonge la pili. Mama mkwe akanyofoa kipande kidogo kwa ncha za vidole, akakitafuna kwa meno ya mbele.

"Chumvi imepungua," akasema. Akanyofoa kingine.

Mume wangu alikuwa wa mwisho. Mkono alikwisha kuunawa zamani, ukamkaukia juu ya goti. Alikuwa anaitazama shingo ya mjomba wake. Mjomba alipoomba maji, akanywa, akacheua akiwa mzima, ndipo mkono ule ukanyooka kwenda sinia.

Mjomba akatoa hukumu kwamba limbwata hapana, na mkeka wangu ukabaki ulipokuwa. Mama mkwe hakuniomba radhi. Aliiokota tu chupa pale uwanjani akaiweka jikoni kwangu juu ya uchaga, mahali ambapo angeweza kuiona akiwa mlangoni kwake.

Baadaye mume wangu akaja anachekacheka. "Kambale wa leo, mke wangu, hana mfano."

"Ulingoja mjomba asife kwanza," nikamwambia.



Tuliishi pamoja mpaka alipofariki, tukazaa, tukawaoza watoto. Na siku zote nikimwekea sahani nilisimama kidogo kuutazama mkono wake. Ukienda moja kwa moja, vizuri. Ukichelewa, hata kama alikuwa anafukuza nzi tu, niliiondoa sahani nikaenda kula mwenyewe.