Kona Moja ya Blanketi

Juzi binti yangu Shamimu, mjamzito wa miezi minane, alinionyesha blanketi la mtoto aliloliunga kwa vipande vya vitenge. Lilikuwa limekamilika mpaka pindo. Nilishtuka kabisa! Nikakumbuka alasiri moja nikiwa mtoto, pale nyumbani kwetu Mtendeni.

Shangazi alikuwa akimshonea blanketi kama hilo mdogo wangu aliyekuwa bado tumboni mwa mama. Chumba kilinuka mafuta ya cherehani na vitenge vipya. Ilipobaki kona moja tu, akaifunika cherehani.

“Shangazi, si umalizie?”

“Bado.”

“Kipande si hiki hapa!”

“Nimesema bado. Usinichoshe.”

Nilimwona mvivu kupindukia. Sikujua kwamba mama alishazika wachanga wawili kabla yangu, na kwamba mablanketi yao yalikamilika kabla hawajazaliwa. Kona ile ilikuja kuzibwa kwa kipande cha kanga kuukuu aliyopokelewa nayo mdogo wangu.

Basi juzi nikachukua wembe, nikafumua kona moja.

“Mama, unaharibu! Sasa hiyo utaishona lini?”

“Mtoto akishalia.”