Kogo Apiga Chuma Marufuku

Jana nilikuwa nikigongomea msumari ukutani ili nitundike diploma yangu ya ng'ambo, ambayo hakuna mwingine aliye nayo kuanzia hapa hadi Roret. Harufu ya chuma ikabaki vidoleni, nikamkumbuka nyanya yetu, tuliyemwita Kogo.

Dada yangu alizaliwa na ugonjwa wa kuishiwa damu, ikabidi aongezewe hospitalini kila mara. Nyumbani Kogo alimchemshia misumari kwenye supu ili apate nguvu. Daktari aliposikia alishtuka. Alisema damu ya kuongezewa huja na chuma chake, ambacho hujaa kwenye ini na moyo, na kinaweza kumuua.

Kogo alitii kupita kiasi. Alimnyang'anya dada jembe, sufuria, hata kitanda cha chuma, akamhamisha kutoka nyumba ya mabati hadi jiko la nyasi. Dada alifurahi mno, maana palizi yote ya mahindi iliniangukia mimi.

Tuliporudi hospitalini, Kogo alisimama kati ya daktari na dada.

"Sindano hiyo imetengenezwa kwa kitu gani?"

"Kwa chuma, mama."

"Basi haimwingii mtoto wangu!"

Dada, midomo imempauka, akacheka. "Kogo, hicho kinaingia na kutoka."

"Na kile kilicho ndani ya damu, kitatokea wapi?"

Daktari akachukua sindano. Dada akanyoosha mkono.

Kogo akavua bangili zake za chuma moja moja, akanipa nimshikie, ndipo akaushika mkono ule.