Sisi Wawili wa Januari

Watu wangu, nisaidieni. Leo nimesimama peke yangu mbele ya darasa zima.

Mnajua nimeanza chuo hapa Machakos Januari hii. Wenzangu walianza Septemba. Wako na marafiki, wako na viti vyao, wako na noti za daftari zima. Mimi niko na kalamu mpya.

Nikaketi mbele. Nyuma yangu, msichana wa jinzi alikuwa anakula njugu. Nikamwonya, "We dada, mwalimu akikupata utaona."

Mara akaingia mzee wa suti na tai, faili kwapani.

Nikaruka juu vile tulizoea sekondari. "Habari ya asubuhi, mwalimu!"

Hakuna mwingine aliyesimama. Hata mmoja!

Mzee akasema, "Nzuri sana. Keti."

Nikaketi.

Halafu na yeye akaketi. Kando yangu!

Akaninong'oneza, "Pole mwanangu. Nimefundisha shule ya msingi kule Kola miaka mingi, mdomo umejibu wenyewe. Mimi pia ni mwanafunzi. Nimeingia Januari."

"Sasa mwalimu ni nani?"

Msichana wa jinzi akapangusa mikono, akapita mbele, akafungua rejista.

"Wale wa Januari wako wapi?"

Mimi na mzee tukasimama wima, pamoja. Darasa likaangua kicheko.

Sasa niko saiba, kwa kompyuta za kulipia, na bado sielewi. Kesho mtu akiingia, nisimame au nikae?

Jibuni haraka. Mzee yuko hapa kando yangu, na yeye anangoja.