Firimbi ya samaki ilivyonifanya nimkatae mkwe niliyempenda

Wakuu, habari za huko mliko. Haya yamenipata mwenyewe. Sijaongeza chumvi, ningeweza ningepunguza.

Naishi Nchelenge, hatua chache kutoka Ziwa Mweru. Hapa mtumbwi ukikaribia ukiwa na samaki mpana tunayemwita "pale", mvuvi hupiga firimbi kuita wanunuzi. Anayewahi ndiye anayechagua. Mimi huwahi.

Cha ajabu, siku hizi samaki wenyewe nawala bila hamu, wengi huishia kwa majirani. Lakini firimbi ikilia, miguu inatangulia.

Jumamosi moja asubuhi walikuja wageni kutoka Mantapala, kwenye makazi ya wakimbizi wa Kongo, kumposa binti yangu Chola. Kijana nilimpenda, na Chola nyuma ya pazia alikuwa hapumui.

Mshenga wao, Papa Kabwe, alipiga magoti akaweka mbele yangu sahani iliyofunikwa. Kwetu baba akiifunua, amekubali mazungumzo. Akisimama kabla ya kuifunua, amekataa.

Firimbi ikalia.

Sina maelezo ya heshima, wakuu. Nilisimama.

"BashiChola, unaenda wapi?" mke wangu aliita, yaani baba Chola. "Sahani!"

"Narudi sasa hivi."

Niliporudi na samaki mkononi, viti vilikuwa vitupu. Wageni walikuwa wameondoka na sahani yao. Chola aliwatazama samaki, akanitazama mimi.

"Batata, baba yangu, wamenona?"

Akaingia chumbani.

Sasa sikieni aibu yenyewe. Nilisoma saikolojia chuo kikuu. Nimewahi kufundisha kwamba ndani ya ubongo njia ya kutaka si ile ya kufurahia. Ishara inayotangulia zawadi inaweza kuiteka ile njia ya kutaka, mpaka mtu akaikimbilia hata kama zawadi haimpi raha tena. Mfano wangu ulikuwa panya. Panya angalau haozeshi binti.

Nikaenda Mantapala kuomba radhi. Nilieleza habari zote za ubongo. Papa Kabwe alinisikiliza mpaka mwisho.

"Papa, weye uko mutu wa masomo. Kama unasema ni kichwa, tunaamini. Tutaanza tena. Lakini hapa kwetu, si kule kwako. Huku ziwa haiko."

Wazee wenzake walicheka. Nami nikacheka, uso ukiwaka. Baba wa binti kufunga safari kwenda kuposewa mtoto ugenini, hilo sijawahi kulisikia tangu nizaliwe.

Siku tuliyoanza tena, sahani niliifunua kabla haijatulia kwenye mkeka.

Chola ameolewa, anaishi vizuri. Nikimtembelea hunipikia maharage. Hajawahi kusema kwa nini, nami sijauliza.

Nilichojifunza: kuujua mtego kwa jina hakukutoi ndani yake. Afadhali ukae mbali na mlio.

Nyinyi firimbi yenu ni ipi, na iliwainua mbele ya nani? Semeni tu, nisibaki peke yangu. Nawasoma hapa, dirisha la upande wa ziwa nimelifunga.