Jumamosi za Watiri Ukumbini

"Mwanamume akilewa siku tatu hakuna anayemuuliza kitu. Mimi nikienda kusimama vizuri saa mbili tu, ati mnaniita mwizi wa siku."

Hayo Watiri alituambia mtoni siku ya Ijumaa, mwezi wa Machi 1969, debe lake la maji likiwa bado nusu. Waithira, kiongozi wetu, alimjibu kwamba mlevi tungemwelewa. Lakini mtu wa miaka arobaini na tatu, mama wa watoto sita, mwenye mwili wa kujaza mlango, kwenda mjini kurukaruka kwenye densi na watoto wa makarani, hilo hata pasta hawezi kulieleza. Wanawake wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote, na sitaficha.

Tulikuwa wanawake saba wa ngwatio, juu kidogo ya mji wa Nyeri. Jumamosi hii tunalima shamba la huyu, ijayo la yule, mpaka yote saba yawe tayari kabla mvua haijaanguka. Anayekosa zamu mbili anatolewa, na shamba lake haliguswi. Zamu nyingine Watiri aliiacha densi akaja kulima, lakini alikuwa amekosa moja, kwa Waithira. Aliirudisha Jumatatu akalima peke yake mpaka viganja vikachubuka, lakini Waithira alisema ngwatio ni kulima pamoja, si mtu mmoja kuchimba kama fuko. Kesho yake ilikuwa zamu yangu, na Jumamosi iliyofuata ilikuwa ya Watiri mwenyewe, wa mwisho. Akikosa kwangu, mvua ingemkuta na ekari nzima ya majani. Watoto sita hawali densi.

"Nitakuja nikimaliza kule," alisema.

"Ukimaliza kule, sisi huku tutakuwa tumekumaliza," Waithira akamwambia.

Watiri akafunga debe lake, akauweka mukwa kichwani, ule ukanda wa ngozi tunaobebea mizigo mgongoni, akainama na kupanda mlima bila kuaga.

Nimjuavyo mimi, huyo alizaliwa akiinama. Baba yake alikamua ng'ombe wa mzungu huko Mweiga, na yeye alianza kubeba kuni akiwa na miaka sita. Wakati wa Hali ya Hatari tulichimba handaki pamoja, yeye na mimi, tukiwa na askari nyuma yetu. Mumewe alirudi kutoka kizuizini na kifua kibovu, akafa mwaka mmoja kabla ya Uhuru. Hapo ndipo Watiri alipopata kazi ya kufagia ukumbi wa mjini. Paji lake la uso lilikuwa na bonde lililochimbwa na mukwa, unaweza kulaza kidole ndani. Sote tunalo, lakini lake ndilo refu.

Kule ukumbini ndiko alikomkuta Mwalimu Wacera. Huyu alikuwa binti wa hapa hapa aliyesomea ualimu Uingereza, akarudi na gramafoni na hiyo densi ya Kizungu iitwayo bale, akawa anawafundisha wasichana kila Jumamosi. Watiri alikuwa akingoja wamalize ndipo afagie. Huku akingoja, alikunja magoti wakikunja, akiwa ameshika ufagio. Siku moja mwalimu akamwambia aweke ufagio chini, ashike ukuta kama wengine. Ilikuwa mwezi wa Januari.

Basi Jumamosi ile, saa tatu, Watiri hakuonekana shambani kwangu. Nikasema nitashuka mimi mwenyewe nimlete, hata kwa sikio. Nilikuwa na matope mpaka magotini na maneno yangu nimeyapanga tangu nyumbani. Nilitaka nimuaibishe mbele ya watoto hao.

Nikafika, nikasukuma mlango.

Walikuwa wamejipanga kando ya ukuta, wasichana wanane na Watiri mwishoni, amevaa gauni la zamani la kazi na soksi za shule za mwanawe Kahiga. Wa mbele alikuwa Ngendo, miaka saba, miguu kama ya kuku wa mwezi mmoja. Nyuma yake kulikuwa na msichana mnene wa mwenye duka, halafu Nurto, binti wa mfanyabiashara wa mifugo wa Nanyuki aliyekaa mjini kwa shangazi yake. Nurto alikuwa wa miaka kumi na tatu, mrefu, na bado anaona haya kwa huo urefu. Mwalimu alipita akimrekebisha kila mmoja kwa njia yake. Ngendo aliambiwa apunguze haraka. Yule mnene aliambiwa asivute tumbo kama mwizi anayejificha, apumue. Nurto aliambiwa aache kujifupisha.

Kwa Watiri alisimama, akamgusa kisogo kwa kidole kimoja.

"Mzigo hauko, mama," akasema polepole. "Umeshautua. Sasa shingo ipande."

Na shingo ikapanda.

Nitaeleza vipi? Nilimwona akinyooka kuanzia kiunoni, mfupa juu ya mfupa, mpaka kichwa kikatulia. Alikuwa mrefu kuliko mimi. Miaka kumi na tisa nimelima kando ya mwanamke huyu, tumesaidiana kuzaa, tumezikiana, na sikuwa najua kwamba ni mrefu kuliko mimi. Maneno yangu yote niliyoyabeba mlimani sikuyaona tena.

Santuri ikawekwa. Wakainua mguu mmoja nyuma na mkono mmoja mbele, mwalimu akihesabu hadi nane. Ngendo alianguka kwenye tatu, akacheka. Nurto alifika tano. Watiri alifika nane, na katika mwili wote ule hakukuwa na mahali palipotetemeka. Halafu wakaruka. Chini ya watoto mbao zililia kwa, kwa, kwa. Watiri aliporuka nilikaza meno nikingoja kishindo, na hakikuja. Alishuka kama blanketi linapotandikwa kitandani. Nilisikia sindano ya gramafoni ikikwaruza, basi. Nywele zikanisimama, na mimi si mtu wa kusimamishwa nywele.

Mwalimu alinikuta mlangoni nimeshika fremu. Nikamuuliza huyu anawezaje, kwa mwili huo na umri huo. Akaniambia mtoto wa miaka saba mwili wake unakubali kila kitu na kusahau kila kitu. Wa kumi na tatu anapigana na mwili uliobadilika jana. Mtu mzima magoti yake yanabishana, tena kuna mambo hatayafanya kamwe, kama kusimama juu ya ncha za vidole, na hata hawa wadogo bado hajawaruhusu. "Lakini huyu amepanda milima na mizigo tangu utotoni," alisema. "Hiyo miguu yake ningeitafuta wapi?"

Watiri aliniona hapo. Akaanza kuvua soksi.

"Twende, Mama Mutahi. Nitalima mpaka giza."

"Somo limebaki muda gani?"

"Nusu saa."

"Vaa soksi," nikamwambia. "Nitangoja."

Tulifika shambani saa saba, wenzetu wakiwa wamemaliza mistari yote ila kona moja, na wamekaa kula irio, viazi vyetu vya kuponda na mahindi. Waithira hakungoja tukae. Alisema zamu mbili ni zamu mbili, kwamba Jumamosi ijayo kila mtu abaki kwake, na kama kuna anayepinga aseme.

Nikasema napinga. Nikamuuliza siku iliyokosekana leo ni ya nani. Akasema ni yangu. Nikamuuliza basi anadai nini hapo. Akaniuliza, kwa ule mdomo wake, hiyo densi niliyoiona mjini ni ya namna gani hata ninatetea. Nikajaribu kuwaonyesha ule mkono wa mbele, nikafanana na mtu anayefukuza ndege mtamani. Walicheka mpaka Waithira naye akacheka, na alipocheka nilijua shamba la Watiri litalimwa.

Watiri hakucheka. Alikuwa ameshachukua jembe na kuelekea ile kona. Nikamfuata, nikamshika mpini.

"Siku yangu nimekusamehe."

"Sitaki kusamehewa, nataka kulima."

"Utalima kwako Jumamosi, nasi sote tutakuwa hapo saa kumi na mbili asubuhi. Saa tatu ukitaka, shuka mjini." Nikamnyang'anya lile jembe. "Sasa nenda ukale, irio zinapoa."